Siku Saba za Kombe

Moyo wa mama ulikuwa haupigi, ulikuwa unakimbia. Unarukaruka, unatulia, unakimbia tena. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tukapata nafasi ya kumpeleka India, akachomwe ndani ya moyo ile sehemu inayouvuruga. Daktari alitutaka jambo moja: vidonge vya kuifanya damu nyepesi asivikose hata siku moja.

Na mie, hodari wa kujua kila kitu! Wiki moja kabla ya safari nikaenda Kidichi kwa mwalimu, nikamwandikishia mama kombe: aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zioshwe kwa maji, anywe siku saba. Kwetu Kikwajuni wapo waliosema kombe halichanganywi na dawa ya hospitali. Mwalimu hakusema hivyo, wallahi. Maneno yao niliyashika mie. Vidonge nikavificha kabatini.

"Mwanangu, na vile vya daktari?" mama akaniuliza.

"Siku saba tu, mama. Kwani vitakimbia?"

Kule India niliwekwa nyuma ya kioo. Wakampitishia mama mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni. Nchani mwake mlikuwa na chombo cha ultrasaundi, na moyo ukaonekana kwenye skrini kutoka ndani kwake, unatetemeka tu. Nililia kuuona. Mara daktari akasimamisha kazi, akanionesha kivimbe kwenye kijifuko cha pembeni ya moyo. Damu iliyoganda. Wakiendelea, ingeweza kung'oka ikaenda ubongoni.

Akaniuliza kama kuna siku mama hakumeza vidonge.

Nikasema hakuna. Nilimwogopa, na nilijionea haya.

Mama alipozinduka akaulizwa yeye. Akanitazama, kisha akamjibu daktari kwa upole, "Sijakosa hata siku moja."

Tukarudishwa nyumbani ameze vidonge wiki sita, ndipo turudi. Safari hii nilimpa mwenyewe, mkononi, kila siku. Wiki ya nne, asubuhi, anachambua mchele, kiharusi kikamwangusha. Hakufika alasiri.

Matangani wanawake walinikumbatia. Wakaniambia nimshukuru Mungu, mama kafa radhi nami.

Kweli. Alijua nilichomfanyia, akanisitiri, akafa radhi nami. Laiti angenigombeza, hata mara moja.