Safu Niliyoiita B

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu mpya wa kompyuta katika shule moja ya wasichana Voi, na majivuno yalinijaa hadi kooni. Niliandika programu ya kupanga matokeo ya mtihani. Safu ya majina niliiita A, ya alama B.

"Ziite Majina na Alama, mtu asome aelewe," mwalimu mwenzangu Mghoi alinisihi. Nikamcheka.

Programu ilipanga alama kutoka juu hadi chini, lakini majina ikayaacha palepale, kila jina likapata alama za mwingine. Kwa sababu ya herufi zangu hizo, sikuliona kosa. Orodha ikabandikwa ukutani. Mzee mmoja wa kijiji cha Rukanga akamkuta bintiye, Wakesho, mkiani. Akabeba sanduku la bintiye, akamrudisha nyumbani.

Mghoi ndiye aliyegundua kosa, alipolinganisha orodha na karatasi za mtihani. Nikatumwa Rukanga peke yangu. Niliwakuta baba na binti wakipalilia mahindi.

"Mzee, Wakesho alikuwa wa kwanza. Orodha ilikosewa."

Wakesho aliacha kulima. Babake aliliweka jembe chini.

"Nimemchapa mtoto huyu kwa ajili ya ile karatasi, mwalimu. Ni nani aliyeiandika?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Ni mimi, mzee."