Kizibo cha Mama Kelvin

Sinywi pombe, na usiku wa kuamkia siku ile nililala vizuri. Naanza na hayo kwa sababu najua mtakachosema nikimaliza. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Mpanda, saa nane mchana, jua likiwaka.

Mimi ni fundi bomba. Kiangazi kile maji yalikuwa yanatoka mara mbili kwa wiki mtaani kwa Mama Kelvin, na nyumba aliyopanga ilikuwa na lile sinki refu la kuogea, la kujilaza ndani. Nani aoge humo wakati maji yenyewe ya shida? Alilifanya tangi. Tatizo ni kwamba kizibo kilikuwa kinachomoka. Anajaza, anageuka kupika, akirudi sinki tupu. Mafundi wawili walishakibadilisha, wapi. Mumewe alikuwa Inyonga kwenye asali, nyumbani amebaki yeye na Kelvin tu, wa mwaka mmoja na nusu, ambaye nilimkuta amelala kwenye mkeka.

Niliwadharau wale wenzangu, nasema ukweli. Nikachonga kizibo kipya kwa mpira wa tairi la pikipiki, nikakigongea kwa nyundo mpaka kikakaa. Kukitoa kungehitaji bisibisi na mikono miwili ya mwanaume. Nilikuwa bado nimeinama, kichwa ndani ya sinki, mtoto wa kike akaniambia kutoka mlangoni:

"Fundi, usizibe. Mdogo wangu anapenda maji."

Nikadhani ni wa jirani. Kwa pembeni ya jicho niliona miguu mitupu, imelowa. Nikamwambia atoke, ananikingia mwanga. Akatoka.

Nikafungulia maji. Yakapanda, nikafunga, hayakuvuja hata tone. Mama Kelvin alifurahi mno, akaniita sebuleni nile ugali kwanza. Boksi langu la vifaa nikaliacha pale pale, limeegemea sinki.

Nikiwa nakula nikamtania kwamba ana jirani mdogo mjuaji, nikamweleza alichoniambia. Akaweka jagi chini.

"Kelvin alikuwa na dada yake," akasema taratibu. "Alizama ziwani mwaka jana, kule Kapalamsenga kwa bibi yake."

Ndipo tukasikia maji yanakoroma yakishuka kwenye bomba la chini ya sinki. Tukatazama mkeka, hakuna mtoto.

Tulimkuta Kelvin amekaa chini kabisa ya sinki, amelowa mpaka nywele, anakohoa. Alipanda juu ya boksi langu. Maji yalikuwa yanamalizikia kwenye tundu. Na kizibo? Kilikuwa sakafuni, mlangoni, pale pale nilipoiona ile miguu. Niambie wewe, nani alikitoa?

Mniamini, sikuogopa. Sikusikia chochote, si aibu wala huruma, mwili wote ganzi. Nilisimama tu nikimwangalia mama akimfunga mtoto khanga. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Alikuwa amevaa nini?"

Akauliza kama nywele zilikuwa zimesukwa. Kama amekonda. Kama ana uso wa kulia au yuko sawa tu. Nikamwambia niliona miguu.

Sinki lile halijawekwa maji tena, na mimi vizibo sigusi, hata ukinibembeleza. Kelvin anakimbia sasa. Ile ganzi haijanitoka: nakula, nafanya kazi, nalala, na hakuna kinachonigusa. Nikikutana na Mama Kelvin sokoni huniuliza kama kuna kitu kingine nimekumbuka. Nasema hapana, naye hushukuru na kuendelea na manunuzi yake. Binti yake alirudi mara moja tu, na aliyemjia ni mimi, nami nilikuwa nashughulika na tundu la maji.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, mtoto akikusemesha ukiwa kazini, awe wa nani, acha unachofanya, nyanyua kichwa, umtazame usoni.