Kunguni Waliobarikiwa

Jumamosi ile zamu ya jumuiya yetu ya kanisa kusali ilikuwa kwangu, na mimi nilikuwa nimeliwa na kunguni kuanzia mikononi hadi shingoni. Chumba changu cha kupanga, huku Sombetini, kina kiti kimoja. Wageni wengine hukaa kitandani. Kwa hiyo nilianika godoro, nikamwagia chaga za kitanda maji ya moto, nikachemsha mashuka kama makande. Kilichobaki kufichwa ni ngozi yangu. Nisionekane mchafu, basi.

Kwenye simu nilisoma kwamba inatosha kuosha kwa sabuni, kukanda kwa kitambaa cha maji baridi na kuacha kujikuna. Niliona ni rahisi mno kwa mtu makini kama mimi. Nikaongeza utomvu wa mshubiri, ule wa njano ambao wenyewe unawasha, kisha nikaziba kila uvimbe kwa dawa ya meno. Juu nikavaa sweta. Baridi ya Julai ingenitetea.

Mwenyekiti wa jumuiya akaingia na matakia yetu, yale yanayohamia nyumba hadi nyumba ili wamama wasiumie. Akayapanga juu ya mashuka yangu yaliyochemshwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanusa. "Mbona unanukia kama umeupiga mkono mswaki?"

"Aleji tu, mama."

Kufikia fumbo la pili la rozari nilikuwa najikuna kwa msalaba wa rozari yenyewe. Mwenyekiti hajui kunong'ona hata kwenye sala. "Tumwombee binti yetu, Bwana amwondolee hiyo aleji yenye miguu sita."

"Twakuomba utusikie," wanajumuiya wakaitikia, wengine kwa kicheko.

Mama mmoja pale kitandani akapandisha mkono wa blauzi. "Na mimi mniombee. Yangu ilianza tulipotoka kusali kwako, mwenyekiti. Kwenye matakia hayo hayo."

"Matakia haya yamebarikiwa na padri!"

"Na waliomo ndani wakabarikiwa nao."

Hapo ndipo ningepona aibu. Hata mimi nilikuwa nimeyakalia kwake wiki iliyopita. Uchafu haukuwa wangu. Lakini wote waliponigeukia, mdomo wangu ukasema, "Yangu ni aleji kweli."

Walimaliza sala, wakakataa chai, wakatoka. Mlangoni kila mmoja akasimama, akavua kitenge chake na kukikung'uta vizuri, upande huu na upande huu. Jirani yangu aliyekuwa anafua akawatazama, akabeba beseni lake na kulihamishia mwisho kabisa wa uwanja.