Siku Papa Anaclet Alipotoa Uzi

Jumapili moja hainitoki kichwani, mjukuu wangu, na leo mimi nkambo wako nitakusimulia yote, kwa sababu umenijia kutoka Kasapa na gitaa mgongoni ukaniambia kundi lenu limekufa. Mwimbaji wenu amehamia Kinshasa, mmejaribu bila yeye, nyimbo hazikutoka kama zilivyo kwenye video za lile kundi mnaloliiga, basi mmeamua kila mtu ashike njia yake. Nilikupa ugali wetu wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, ukala. Mimi huwa nangoja mtu ashibe kwanza ndipo nimgombeze.

Nilipokuwa na umri wako, hapa hapa Naviundu, karibu na mto, kulikuwa na baa yenye ua mpana. Kila Jumapili baada ya misa orchestra iliyoitwa Tuendelee ilipiga pale mpaka jua linashuka. Kiongozi wao alikuwa Papa Anaclet, mpiga gitaa mwembamba aliyevaa kofia hata wakati wa joto. Wimbo wao mmoja ulianza mama akinituma chumvi, nikarudi na chumvi, tukapika, tukala, na wimbo bado uko njiani. Tena hawakuupiga kwa namna ileile. Wiki hii besi inaongoza, wiki ijayo besi inanyamaza, ngoma inauliza na gitaa linajibu. Walitazamana, wakapotea, wakacheka, wakarudi. Niliwapenda watu wale kuliko nilivyompenda mvulana yeyote, na babu yako alilijua hilo kabla hajanioa.

Tulikuwa watatu tuliowasikiliza tukiwa tumesimama juu ya matofali, nje ya ukuta. Kaka yangu Placide alipiga gitaa. Ramazani, mtoto wa jirani yetu fundi cherehani aliyetoka Maniema, alipiga ngoma. Mimi nilipiga besi, ambayo Placide aliichonga kwa mbao za kreti na kuitia waya za breki za baiskeli. Vidole vyangu vilichubuka mpaka nikashindwa kufua nguo. Majirani waliuliza huyu ni msichana wa namna gani, na mama akawajibu kwamba ni wa namna hiyohiyo wanayoiona.

Mjomba wake Ramazani alikuwa na redio ya kaseti. Jumapili moja alikaa nayo mle baa akaturekodia wimbo mmoja wa Tuendelee, upande mzima. Tuliusikiliza mpaka utepe ukaanza kulia kama mbuzi. Tulijifunza kila sauti iliyokuwemo. Sasa, katikati ya wimbo kulikuwa na mahali ambapo gitaa linaacha ghafla njia yake ya chini, linaruka juu kabisa, linazungukazunguka huko, kisha linashuka. Tulipaita ngazi. Placide alihangaika na ngazi hiyo msimu mzima wa mvua. Tuliamini kwamba siri yote ya Tuendelee iko pale.

Baba yetu alikuwa mfanyakazi wa reli, na alikuwa amemtafutia Placide kazi katika karakana kule Likasi. Placide hakutaka kwenda. Alimwomba baba amngoje kidogo, kwa sababu Papa Anaclet, baada ya kutuona kila wiki juu ya matofali yetu, alikuwa amekubali tufungue Jumapili moja kabla yao, kwa vyombo vyao. Baba alisema sawa: wakiwakubali kufungua kila Jumapili, utabaki hapa; wasipowakubali, Jumatatu asubuhi unapanda gari. Sisi watatu tulijua kwamba Placide akienda, kundi limekwisha.

Siku ikafika. Nilishika besi ya kweli kwa mara ya kwanza, ikanielemea begani. Tulipiga wimbo wa kaseti vilevile, bila kukosea hata kidogo. Watu walipiga makofi, nikaanza kujivuna moyoni. Kisha Placide akafika kwenye ngazi, akaipanda vizuri kama haijawahi kupandwa, na Papa Anaclet akaanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Wenzake nao wakacheka, huyu anampiga yule mgongoni. Placide alimaliza wimbo masikio yakimwaka moto. Mimi sikujua tumekosa nini.

Papa Anaclet akapanda jukwaani akifuta macho.

"Batoto, ile fasi munapanda yulu, ile siku corde ilinikatikaka," alisema. "Nilikuwa natafuta tu fasi ya kupita."

Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Msimu mzima wa mvua tulikuwa tumejifunza taabu ya mtu aliyekatikiwa na uzi wa gitaa siku ile ya kaseti, akitafuta tu mahali pa kupita, tukaifanya kuwa sala yetu. Lakini mzee yule hakuwa anatukejeli, hilo nililiona usoni mwake. Aliokota kofia yake, akasema taratibu:

"Munatupenda, ninaona. Lakini sisi benyewe hatujue kesho tutapiga nini. Ninyi munajua namna gani?"

Kisha akafanya jambo ambalo sijaliona kwa mwanamuziki mwingine. Alilishika gitaa alilokuwa amevaa Placide, akalegeza uzi mmoja, akautoa, akautia mfukoni mwake. Akarudi kukaa, akatuambia tupige tena.

Placide aliganda. Alinitazama, nami nikaona katika macho yake gari la Likasi. Hapo nilishikwa na hasira. Nilimkasirikia Papa Anaclet, nikamkasirikia baba, nikaikasirikia kaseti ile. Nikasema moyoni: hatutashuka hapa tumenyamaza, hata kidogo. Nyuma ya kaunta mama mmoja alikuwa anapanga chupa tupu kwenye kreti, na chupa zile zilikuwa na mwendo wao. Nikaushika mwendo huo kwenye besi, sauti mbili tu, nikazirudia na kuzirudia. Ramazani alisikia, akaingia polepole. Placide alijaribu njia yake ya zamani, akagusa mahali pasipo na uzi, akakwama. Akajaribu kwingine, akakwama tena. Kisha akaacha kutazama vidole vyake, akatutazama sisi, na gitaa likapata pa kupita.

Sikudanganyi kwamba ilikuwa tamu. Kulikuwa na mashimo mle ndani ya kupitisha mbwa. Lakini yule mama wa chupa aliacha kreti yake akatoka mbele, mabega yakicheza, na hakurudi mpaka tulipomaliza.

Hapo utafikiri tulikubaliwa. Hapana. Papa Anaclet alikuja kuchukua gitaa lake, akasema, "Hamuyafika bado. Lakini ile ya mwisho ilikuwa yenu. Mukuye dimanche ingine, nitatoa corde ingine."

Alituita turudi Jumapili nyingine, lakini kwa hesabu ya baba, tulikuwa tumeshindwa. Jumatatu asubuhi Placide alipanda gari. Nilimsindikiza nikiwa nimevimba macho, naye aliniambia neno moja kabla hajaondoka: "Dimanche minarudia. Muniachie fasi."

Akarudi. Jumamosi baada ya kazi alipanda malori ya makaa, akatufikia mweusi kichwa mpaka miguu, mama akamwekea maji ya kuoga, na Jumapili tukaenda pamoja. Wiki alizokosa lori, mimi na Ramazani tulipiga wawili. Tulimwachia nafasi yake ndani ya wimbo, tukanyamaza pale ambapo gitaa lake lingesema, na watu wa Naviundu wakageuka kutazama kama yuko njiani. Papa Anaclet alitutoa jasho mpaka mvua nyingine zikaja, ndipo akatupa ufunguzi. Siku ile baba alikuja pia. Hakuingia baa, alikuwa Mkatoliki mgumu. Lakini nilipotazama ukutani nilimwona amesimama juu ya matofali yetu, kofia ya reli mkononi. Nililia nikipiga, wala sikuona haya.

Haya, sasa nisikilize, maana bukari imeshashuka. Ninyi mnapenda lile kundi la kwenye video, na kupenda si kosa. Sisi tuliotengenezwa na Tuendelee hatuna hata sauti moja tuliyoichukua kwao ikabaki. Tulichobaki nacho ni masikio, na ile tabia ya kutoshuka jukwaani kwa sababu kitu kimekatika. Mwimbaji wenu ameondoka. Mwacheni aende salama. Mwachieni nafasi akitaka kurudi, na msimtafute mwingine wa kumwigiza. Simameni mtazamane, mpige mlivyo leo, vibaya kwanza, halafu rudieni Jumapili inayofuata, na nyingine, na nyingine. Watakaocheka wacheke. Mimi nimechekwa na orchestra nzima na besi bado iko nyuma ya mlango pale.

Jumapili hii waite wenzako wote waje hapa nyumbani. Placide atakuwepo, mikono yake inatetemeka siku hizi, lakini sikio lake halijazeeka. Ramazani ataleta ngoma. Na gitaa lako, uzi mmoja nitautoa mimi mwenyewe, nkambo wako, nitautia mfukoni.

Mungu akupe masikio mbele ya vidole. Akupe wenzako wa kutazama usoni unapopotea, na akikunyima uzi, asikunyime pa kupita. Sasa inuka, kawaite.