Managu ya Auntie na Sanduku la Kobe

Nitasema ukweli, ingawa bado naona haya. Kabla baridi haijaanza nilichuma magugu karibu na stesheni ya treni ya St Marys, huku ughaibuni tunakoishi, ili kobe wangu apate chakula hadi joto lirudi. Niliyachemsha kidogo, nikayakamua na kuyagandisha katika mifuko kwenye friza yetu, vile Mama hufanya na managu yake, zile mboga chungu za nyumbani. Sikuandika chochote kwenye mifuko. Niliogopa binamu zangu wangenicheka eti nampikia kobe.

Jumamosi Mama alimleta rafiki yake, Auntie Kerubo, aliyekuwa ametoka hospitali na chakula chote kilikuwa kimemshinda.

"Managu pekee, dada. Hayo nitajaribu."

Mama alikuwa amemwekea mfuko wa mwisho wa managu. Aliyapika kwa maziwa, akampakulia. Auntie akatafuna, kisha akatema polepole kwenye tishu.

"Mama Kemunto, hii ni nyasi," alimwambia Mama.

Mama akaonja, akashangaa. Mimi nikainamia sahani yangu.

Auntie alijikokota hadi kwenye sanduku la kobe kumsalimia. Akaokota jani, akalinusa.

"Managu si ndiyo haya! Yaani huyu ndiye amenimalizia?"

Mama aligeuka akanitazama. Kobe aliendelea kutafuna, na Auntie alikuwa bado na njaa.