Malkia wa Mtandio Ametoweka Shingoni mwa Mama Kabira

Admin, jina langu lisionekane, kuna watu wa Jeddah wanafuata hii page.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, miaka 33, kutoka Nakuru. Nilikuja Saudi miaka mitatu iliyopita, nikafanya kazi kwa madam Riyadh. Baadaye akanipeleka Jeddah nimtunze mamake, nyumba ya zamani huku Al-Hindawiyah. Sisi humwita mama kabira, yaani mama mkubwa wa nyumba. Ni mjane, macho yamefifia, lakini ananipenda kama mtoto wake.

Shingoni huvaa sarafu ya dhahabu ya Uingereza aliyopewa na mumewe siku ya harusi. Upande mmoja kuna mtu juu ya farasi anaua joka. Upande wa pili kuna malkia wao wa zamani, mzee, amejitanda mtandio. Kila Ijumaa nikiisafisha, mama kabira hunisimulia. Anasema huyo malkia alitawala zaidi ya miaka sitini, alifiwa na mume bado ana nguvu zake, akavaa nyeusi mpaka akaingia kaburini. "Malkia wa watu wengi vile, na bado alilala peke yake," huwa ananiambia. "Kama mimi."

Mwezi uliopita alilazwa kwa matibabu ya macho. Vito, pamoja na mkufu wa sarafu, vilibaki kwa droo, ufunguo akawa nao madam, aliyekuwa amekuja kutoka Riyadh. Mimi nilikuwa hospitalini na mgonjwa, nikirudi nyumbani tu kumchukulia nguo. Siku hiyo hiyo dereva wetu aliingia chumbani kurekebisha AC. Huyu dereva ni Mkenya, nimwite K. Ndiye mchumba wangu. Tumepanga kwenda kwetu Desemba aonane na wazazi.

Tuliporudi nikamvalisha mama mkufu wake. Ijumaa nikaisafisha sarafu, nikaisogeza kwenye mwanga. Malkia amekuwa msichana. Hana mtandio, nywele zimefungwa utepe. Sarafu yenyewe ni nyepesi na inang'aa kupita kiasi.

Nilimpigia K. Nikamwambia tu kwamba sarafu ya mama imebadilishwa. Akasema, "Sasa mimi na huyo nyanya wa mtandio tunajuana wapi?"

Nikamuuliza amejuaje kuna mtandio. Aliwahi kuniomba picha ya hiyo sarafu, na nilimtumia upande wa farasi peke yake.

"Si wewe uliniambia? Unasahau sana siku hizi."

Labda nilimwambia. Nimejaribu kukumbuka mpaka kichwa kinauma. Tangu siku hiyo ananiita "babe" kila sentensi, na zamani hakuwa hivyo.

Lakini hata madam simwelewi. Juzi amepiga simu kunikumbusha kuwa mkataba wangu unaisha. Akasema, "Siku ya kusafiri nitakuja mwenyewe nikague sanduku lako." Miaka yote hajawahi kutaja sanduku langu. Nikisema, mshukiwa wa kwanza ni mimi, na ikama yangu, kibali cha kuishi huku, iko mkononi mwake. Nikinyamaza, watanikamata airport.

Jana asubuhi nilikuwa namchana mama kabira nywele. Akaishika ile sarafu, akapitisha kidole gumba usoni mwa malkia pole pole, akarudia, akarudia tena. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Binti yangu, nilipokuwa hospitali, nani aliingia chumbani kwangu?"

Ningeweza kumtaja K. Ningeweza kumtaja bintiye.

Nikasema, "Hakuna mtu, mama. Ni mimi tu niliyeingia kuchukua nguo zako."

Akaiachilia sarafu na kuniambia niendelee kuchana. Hajanisemesha tangu hapo.

Ndugu zangu, nimejifunga kwa mdomo wangu mwenyewe, na sijui hata nimemfichia nani. Nirudi kwake niseme ukweli, au nimbane K. kwanza? Mliopitia nyumba za watu, niambieni leo, kabla siku ya madam kuja haijafika.