Elfu Nane za Mahjuba

Wauza mboga wa Azemmur waliuogopa ulimi wa Mahjuba kuliko walivyomwogopa mkaguzi wa manispaa. Wakimwona anatoka lango la mji mkongwe na kikapu chake, nyuma yake mgeni aliyeiva uso kwa jua, walijua kwamba siku hiyo kuna mtu atauza nyanya kwa bei ya haki, apende asipende. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alipika na kufagia katika nyumba tatu za Wazungu waliohamia mjini, lakini walichomlipia hasa ni ule ulimi.

"Bi Mahjuba, leo mwache mwanamke wa watu anunue mwenyewe," Bushaibu muuza mboga alimlilia asubuhi moja. "Ana mdomo, ana pochi."

"Pochi ndiyo unayoitolea macho, mwizi wewe. Pima karoti, na hicho kidole kitoe kwenye mizani."

"Kidole changu kina uzito gani jamani?"

"Kina uzito wa mlo wa jioni. Kitoe."

Mgeni wake siku hiyo alikuwa Lieve, mama wa Kibelgiji aliyestaafu kazi ya kupokea wagonjwa kwa daktari wa meno. Alicheka mpaka akashika ubao wa meza. Lieve hakuja Moroko kwa ajili ya jua, ingawa ndivyo alivyowaambia ndugu zake. Alikuja kwa sababu gesi ya kupasha nyumba joto kule kwao ilikuwa inaila pensheni yake yote, na mahali fulani kwenye simu alisoma kwamba huku mtu anaishi kama malkia kwa nusu ya fedha hiyo. Miezi yake ya kwanza alichunwa na kila mtu. Alinunua ndimu kwa bei ya kuku. Fundi bomba alimbadilishia mpira mmoja wa bomba na kumtoza mshahara wa mwalimu. Tangu alipompata Mahjuba, mambo yalitulia, na yeye akaanza kuwa na kiburi kidogo. Alijiandikisha kujifunza Kiarabu cha mtaani, akawa anahesabu kwa sauti njia nzima, moja mpaka mia, mia mpaka elfu, watoto wakimfuata nyuma wakimsahihisha.

Tatizo ni kwamba mwalimu wake alimfundisha namba, hakumfundisha riali.

Riali haipo. Hakuna mtu aliyewahi kuishika mkononi, hakuna noti yake wala sarafu. Fedha ni dirham, na benki inajua dirham. Lakini watu wa rika la Mahjuba wanapotaja bei bado wanataja kwa riali, ishirini kwa kila dirham, na hawasemi neno lenyewe kwa sababu kila mtu anajua. Mkate ni thelathini. Kuku ni elfu na kitu. Mtoto anayezaliwa pale anajua kugawa kwa ishirini kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Ijumaa moja Lieve alialikwa kwa mara ya kwanza kula kuskusi nyumbani kwa Mahjuba. Ilikuwa nyumba ndogo ya zamani, vyumba viwili chini, kimoja juu, ua katikati wenye mlimau. Mahjuba aliishi humo na mama mkwe wake, Lalla Tahra, ambaye macho yalikuwa yamemwishia miaka mingi. Lalla Tahra aliingia nyumba ile akiwa bibi harusi. Humo ndimo alimomzaa Allal, na humo ndimo Allal, mume wa Mahjuba, alimofia. Bibi kizee yule alitembea ndani bila fimbo, mkono ukiteleza ukutani, na usingejua kwamba haoni mpaka akupishe upande ambao wewe hupo.

"Nyumba nzuri sana," Lieve alisema, akiutazama mlimau. "Unalipa kiasi gani?"

"Elfu nane," Mahjuba akajibu, akimsogezea kipande cha boga.

Dirham mia nne. Kodi ambayo mwenye nyumba, marehemu Haji Lmfaddal, aliipanga na Lalla Tahra kwa kupeana mikono, bila karatasi, na iliyopanda mara chache tu na kwa aibu. Lieve alizielewa namba vizuri kabisa. Elfu nane. Moyoni alijiuliza mjane anayefagia nyumba za watu anaitoa wapi, akajijibu mwenyewe kwamba lazima ana mtoto Ufaransa, maana kila nyumba ya mtaa ule ina mtoto Ufaransa. Aliona si adabu kuuliza zaidi. Adabu hiyo iliwaletea balaa.

Kulikuwa na ukurasa kwenye simu ambapo wageni waliulizana gharama za maisha: umeme, bima, bei ya samaki, daktari yupi hafanyi mchezo. Mtu aliuliza nyumba za mji mkongwe wa Azemmur zinapangishwa kwa kiasi gani. Lieve, kwa roho safi, akifurahi kwamba safari hii yeye ndiye anayejua, akaandika: nyumba ya Mahjuba, vyumba vitatu na ua, elfu nane, na hiyo ni bei ya wenyeji.

Jawad alikuwemo kwenye ukurasa huo. Huyu ni mtoto wa Haji Lmfaddal, mrithi wake, mwenye duka la simu mjini Jadida. Alikuja jioni ya siku ya pili, akavua viatu mlangoni kama alivyolelewa, akambusu Lalla Tahra kichwani, akakaa. Mahjuba alimmiminia chai. Alimjua tangu akiwa anapanda ule mlimau kuiba malimau mabichi.

"Mama mdogo," Jawad alianza, "kumbe thamani ya nyumba unaijua."

"Nyumba gani?"

Akamwonyesha simu. Mahjuba hakusoma Kifaransa, ila namba alizisoma, na picha ya Lieve aliitambua, ile ya kofia kubwa.

"Riali, mwanangu! Nilimwambia elfu nane za riali, zile zile baba yako alizokuwa akizihesabia kwenye kiganja hapo ulipokaa!"

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa mimi najua, wewe unajua. Wao hawajui. Na wamesoma wote, mama mdogo, hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mmoja ameuliza kama kuna maji ya moto. Mwingine ameuliza anaweza kuja lini."

Lalla Tahra akageuza uso upande wa sauti. "Wewe Jawad, si mimi niliyekutahirisha ile wiki mama yako alipolazwa?"

"Ni wewe, bibi."

"Nilikosea. Ningemwambia kinyozi akate zaidi."

Jawad alicheka, akawa mwekundu, lakini hakuinuka. Alikuwa na watoto watatu, alisema, na duka lilikuwa halisongi, na kila mtu mtaani alikuwa amegeuza nyumba ya babu yake kuwa ya wageni isipokuwa yeye, na mke wake alikuwa amemchoka. Hataki elfu nane. Hataki dhambi. Anataka elfu tatu za dirham kuanzia mwezi unaofuata. "Nimekupunguzia zaidi ya nusu. Mtu mwingine akisikia atadhani nimerogwa."

Elfu tatu. Mahjuba alizigeuza kichwani kama kawaida, akapata riali elfu sitini, na akili ikamsimama. Nyumba zote tatu za Wazungu zikikusanywa pamoja hazikumpa fedha hiyo kwa mwezi. Nje ya mji mkongwe, kule kwenye majengo mapya ya barabara ya Jadida, angepata chumba kimoja cha bei nafuu. Lakini alimtazama mama mkwe wake, mkono wake mkavu ukiwa umeegemea ukuta ule ule ulioushika miaka yote, akaona kabisa kwamba kumtoa humo ni kumpofusha mara ya pili.

Asubuhi alimvamia Lieve jikoni kwake bila hata salamu.

"Mdomo wako, Lieve! Mungu aufunge kwa gundi! Nani alikutuma kutangaza kodi yangu kwa dunia nzima?"

Ilichukua muda kueleweshana, kwa Kiarabu kibovu cha mmoja na Kifaransa kibovu cha mwingine, Mahjuba akipanga maharage ishirini mezani na kupiga kelele kwamba haya yote, yote haya, ni dirham moja. Lieve alipoelewa alikaa chini. Akayatazama yale maharage. Halafu akalia kweli kweli, akafuta maandishi yake mbele ya Mahjuba, akaandika mengine ya kuomba radhi na kueleza riali ni nini. Mahjuba alirudi nyumbani na matumaini kidogo.

Hayakumfikisha mbali. Alipompigia simu Jawad, Jawad alimjibu kwa upole, na upole huo ndio uliomvunja nguvu. "Amefuta, nimeona. Lakini watu washajua kwamba wanaweza kulipa. Hilo atalifutaje?"

Usiku wa siku hiyo Lalla Tahra ndiye aliyesema, akimenya mbaazi kwenye sinia.

"Chumba cha Allal kule juu kinalaza nini?"

"Magodoro na vumbi, mama."

"Mnasara wako, yule Mzungu, anakula hapa kila Ijumaa. Mwambie alale kabisa."

"Mama! Wajane wawili, tupangishe chumba? Watu watasemaje?"

"Watasema tumepata mpangaji. Wakishasema watanyamaza. Mimi siwaoni, wewe usiwatazame."

Mahjuba hakulala vizuri. Aliona haya, na sababu ya haya yake ilikuwa wazi kabisa kwake: maisha yake yote alikuwa upande wa mnunuzi, akiwatukana wenye mali, na sasa alikuwa anapanga bei. Aligeuzageuza namba mpaka alfajiri. Elfu mbili za dirham kwa mwezi, chumba, chakula na kufuliwa. Lieve akitoa elfu mbili, yeye atamalizia moja kwa kujibana, ataacha nyama, atachukua nyumba ya nne ya kufagia. Elfu mbili zinatosha. Elfu mbili si dhuluma.

Kulipokucha alimfuata. Lieve alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wake, hana kofia, nywele hazijachanwa. Kabla Mahjuba hajafungua mdomo, alimpisha akae.

"Mwenye nyumba wangu alikuja jana," alisema. "Naye alisoma. Amesema kama ile ya Mahjuba ni elfu nane, yangu yenye roshani haiwezi kuwa elfu nne na nusu. Anataka elfu saba. Nimemweleza riali, nimempangia maharage kama ulivyonipangia. Amecheka, akasema nimejifunza vizuri." Akajifuta pua kwa kiganja. "Nilikuwa nakungoja nikwambie, siwezi tena kukulipa siku tatu kwa wiki. Labda moja. Na kule kwetu sirudi, Mahjuba, nimeshauza kila kitu. Sina hata kitanda."

Mahjuba aliketi kando yake. Alikuwa amekuja na hasira zake zimebaki kidogo, na hata hizo zikamtoka. Wote wawili walikuwa wamefukuzwa na neno moja, na waliolitamka ni wao wenyewe, mmoja kwa mwenzake, juu ya sahani ya kuskusi.

"Kwangu juu kuna chumba," alisema hatimaye. "Kina dirisha. Utakula tunachokula. Nguo zako nitafua mimi."

Lieve alimgeukia upesi, uso umefunguka kama wa mtoto. "Kiasi gani?"

Mahjuba alikuwa na elfu mbili mdomoni. Lakini hakuna mtu mwenye akili anayetaja bei anayoitaka. Unataja ya juu, mwenzako anapiga kelele, anashika moyo, anajifanya anaondoka, unamwita, mnashuka pamoja ngazi kwa ngazi mpaka mnapofika mahali ambapo wote wawili mlikuwa mnapajua tangu mwanzo. Huo ndio uungwana. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Lieve mchezo huo, mbele ya meza ya Bushaibu, akamfinya mkono kila alipotaka kukubali mapema.

"Elfu mbili na mia tano," alisema. Na kwa kuwa safari hii hakutaka makosa, akaongeza, "Dirham."

Akangoja. Alikuwa ameshajiandaa kushuka. Alitaka kushuka. Alimtazama Lieve usoni akimwombea apige kelele, aseme hata neno moja tu, wewe mwanamke wazimu, unaniua, hata hilo lingetosha.

Midomo ya Lieve ilisogea kidogo. Akaitazama mikono ya Mahjuba, ile mikono iliyopasuka kwa sabuni ya sakafu yake, akainamisha kichwa.

"Sawa," alisema. "Ni haki yako."

Mahjuba alifungua mdomo aseme elfu mbili, na neno halikutoka. Kulikuwa na mafuta ya kununua. Kulikuwa na dawa za bibi. Zile mia tano zilikuwa kodi yote aliyokuwa akilipa zamani, na ziada. Alisimama, akakung'uta kanzu yake ya jalaba isiyokuwa na vumbi.

"Ulete vitu vyako Jumapili," alisema, na njia nzima ya kurudi hakuweza kumsalimia mtu.